Jinsi ya kupata tanjenti ya pembe kali

Pembe kali ni ile iliyo chini ya nyuzi 90. Katika pembetatu yenye pembe mraba, tanjenti yake hupatikana kwa kugawanya upande unaoikabili kwa upande mfupi unaopakana nayo.

Katika milima ya Olenguruone, pembezoni mwa msitu wa Mau, Kaunti ya Nakuru, hesabu hii humfaa mkulima. Kanuni za matumizi ya ardhi za mwaka 1965, chini ya Sheria ya Kilimo, zilipiga marufuku kulima mteremko unaozidi asilimia 35, yaani kupanda mita 35 kwa kila mita 100 za usawa. Tanjenti ya mteremko huo ni 0.35.

Ili kupata pembe, mwanafunzi hufungua jedwali la tanjenti, akafuata mstari wa 19 hadi safu ya .3. Hapo husoma 0.3502, kwa hivyo pembe ni takriban nyuzi 19.3.

Asilimia 35 isichukuliwe kuwa nyuzi 35. Tanjenti ya nyuzi 35 ni 0.7002, mteremko mkali maradufu, ambao mvua huweza kuukumba udongo wake hadi mtoni.