Masanamu Yaliyotupwa

Mnajua jinsi Mapadre Weupe walivyotoka Bagamoyo katika mwezi wa Juni 1878, wakafuata njia ya wapagazi, wakamzika Padre Pascal njiani, hata wakafika Tabora. Mimi nataka kuandika habari za vitu vilivyotoka bara, wala si vya wale walioingia. Maana njia ile haikuchukua pembe za ndovu na watumwa tu. Siku za Wadachi ilichukua na kazi za mikono ya wazee wetu.

Wanyamwezi hawakuchonga masanamu mengi kama watu wa Kongo. Mizimu waliijengea vijumba vidogo, wakaitambikia kwa unga na pombe. Hata hivyo wachongaji walikuwako. Katika jumba la makumbusho la Berlin kiko kiti cha mtemi, kazi ya Unyamwezi, ambacho mgongo wake umechongwa umbo la mtu. Anayekitazama hawezi kusema ya kuwa aliyekichonga hakujua kazi yake.

Babu yangu alibatizwa akiwa mtu mzima. Alinisimulia ya kuwa kabla ya ubatizo alitoa nyumbani sanamu ndogo ya mti iliyochongwa na baba yake, akaitia motoni kwa mkono wake mwenyewe, na katekista amesimama karibu. Nilimwuliza, "Babu, ulisikitika?" Akanijibu, "Mizimu niliiacha kwa furaha. Nilimsikitikia baba, kwa kuwa sikuwa na kazi yake nyingine." Mimi nami ni katekista, na jibu lile sijaweza kulisahau.

Mahali pengine masanamu ya namna hiyo hayakuchomwa. Wafang wa Gabon walikuwa wakiweka mifupa ya wakubwa wa ukoo katika kasha la gome la mti, na juu yake kichwa cha mti cha kuilinda, kilichopakwa mafuta mpaka kikawa cheusi. (Walimu, mkiulizwa na wanafunzi kama mifupa hiyo ni sawa na masalia ya watakatifu yaliyomo altareni, msiwakemee, swali ni jema, nalo lataka jibu la uvumilivu.) Huko nako Mapadre wa Roho Mtakatifu, wa shirika lile lile lililofungua misioni ya Bagamoyo mwaka 1868, walikuwa wamefika tangu 1844. Watu walipoacha ibada ile, wengine kwa imani, wengine kwa kuiogopa serikali ya Kifaransa, vichwa vile vilitupwa, vikauzwa, vikachukuliwa na wafanyabiashara na hata na wamisionari, vikapelekwa Ulaya.

Huko vilipokelewa na watu wasiotazamiwa. Kimoja katika vilivyo vikubwa kabisa kilinunuliwa na Jacob Epstein, mchongaji Myahudi, mzaliwa wa New York aliyekaa London. Nyumba yake ilijaa masanamu ya Afrika na ya nchi nyingine, mamia kwa mamia, naye alifanya kazi kati yake. Hakuyatambikia, wala hakuyacheka. Aliyatazama kama fundi atazamavyo kazi ya fundi mwenziwe, jambo ambalo sisi tulio wana wa nchi hatukulifanya. Alipokufa mwaka 1959 yalitawanyika, na kichwa kile sasa kimo katika jumba la makumbusho la New York.

Sasa sikieni. Baada ya vita kuu ya pili, masista wa Mtoto Mtakatifu Yesu wa London walihitaji sanamu ya Bikira Maria ya kuwekwa ukutani, juu ya njia, mahali palipoharibiwa na mabomu. Kazi ile alipewa Epstein. Ilifunuliwa mwaka 1953, nayo ni ya risasi. Mama amesimama nyuma, ameteremsha mikono yake. Mtoto yuko mbele yake, amenyosha mikono kama juu ya msalaba. Nimeiona katika picha tu, nikaitazama kwa muda mrefu, nikamkumbuka babu na moto wake.