"Fedha Zimetoka Wapi?": Utani wa Simba na Yanga kama Ukaguzi wa Klabu, Ukitazamwa Kutokea Miono, Bagamoyo

Historia ya fedha katika soka la Tanzania imezoea kuandikwa kutokea Kariakoo, yaliko makao ya Simba na Yanga na ambako waandishi wa habari huzisubiri kauli za viongozi wa klabu hizo. Insha hii inaitazama historia hiyo kutokea Miono, kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Chalinze, katika upande wa kaskazini wa Bagamoyo. Huko klabu hizo hazina makao wala uwanja wa mazoezi, lakini zina watu. Hoja inayojengwa ni kwamba kanuni zilizotungwa Tanzania kuhusu fedha za klabu zimeshughulikia zaidi swali la nani anaimiliki klabu kuliko swali la klabu inatumia kiasi gani. Swali hili la pili lilibaki bila mwenyewe rasmi, na aliyelichukua ni mtani.

Neno mtani halitumiki hapa kwa maana ya mpinzani tu. Miono imo katika eneo la Wazigua, Wadoe na Wakwere, nyuma ya mji ambao katika karne ya 19 ulikuwa kituo kikuu cha misafara ya kwenda na kutoka bara. Utani baina ya watu wa pwani na Wanyamwezi waliokuja na misafara hiyo ni sehemu ya historia ya Bagamoyo iliyochunguzwa kwa muda mrefu. Katika utani huo mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Msibani, jamaa wa marehemu wakiwa wamenyamaza kwa staha, mtani huweza kusimama na kuutaja uchoyo wa marehemu, madeni yake, hata kuku aliyemla bila kulipa. Wafiwa hucheka, nao hawana haki ya kukasirika. Hivyo basi, utani si matusi yaliyoruhusiwa tu, bali pia ni njia ya kuyasema hadharani mambo ambayo walio ndani hawawezi kuyasema bila kuvunja udugu. Simba na Yanga zilipoitwa watani wa jadi, ruhusa hiyo ilihamia mpirani pamoja na jina.

Yanga inahesabu umri wake tangu mwaka 1935, na Simba tangu 1936, baada ya kundi moja kujitenga. Sababu za kujitenga husimuliwa kwa namna tofauti kila upande. Klabu iliyojitenga ilipitia majina kadhaa, likiwamo Sunderland, kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971. Tsuruta (2007) ameihusisha historia ya klabu hizi na ukuaji wa mji wa Dar es Salaam, na kwa miongo ya mwanzo mtazamo huo unatosha. Hautoshi kwa miongo ya baadaye, ambapo redio, na hatimaye king'amuzi, viliwafanya watu wa mashambani kuwa sehemu ya ugomvi wa mtaa wasioishi.

Mabadiliko ya fedha za klabu yanaonekana vizuri zaidi katika msamiati kuliko katika vitabu vya hesabu. Maneno matatu yamepokezana. La kwanza ni mfadhili. Mfadhili hutoa, na kinachotolewa ni fadhila. Fadhila haina mkataba, haiulizwi ilikotoka, wala anayeipokea hana pa kudai ikikoma. Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 na kufungwa na Stella Abidjan ya Ivory Coast, aliyekuwa nyuma yake kwa fedha ni Azim Dewji, naye aliitwa mfadhili. La pili ni mdhamini, ambaye huja na mkataba, nembo na muda. Kampuni ya bia kupitia Kilimanjaro, na baadaye SportPesa kuanzia mwaka 2017, zilidhamini klabu zote mbili kwa pamoja. Busara ya mpango huo haijapewa uzito unaostahili: mdhamini akiwa mmoja, mtani hukosa sehemu kubwa ya cha kulinganisha. La tatu ni mwekezaji, ambaye hatoi wala hadhamini, bali ananunua. Hapo ndipo swali la zamani la Kariakoo, klabu ni ya nani, lilipogeuka kuwa swali la asilimia.

Yusuf Manji, aliyechaguliwa kuwa mwenyekiti wa Yanga mwaka 2012, aliyachanganya maneno haya ndani ya mtu mmoja. Alikuwa kiongozi aliyepigiwa kura na wanachama, na papo hapo ndiye aliyelipa. Mwaka 2016 alipendekeza kuikodi timu na nembo yake kwa miaka 10, klabu ikipata asilimia 25 ya faida na yeye kubeba hasara. Mwaka huohuo Mohamed Dewji alitaka kununua asilimia 51 ya Simba kwa Shilingi bilioni 20. Pendekezo la Manji halikutekelezwa, naye alijiuzulu Mei 2017. La Dewji lilibadilishwa na Serikali. Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967 wakati klabu zikihesabiwa kuwa mali ya umma wa wanachama, lilisimamia kanuni kwamba wanachama wabaki na asilimia 51 na uwekezaji usizidi 49. Desemba 2017 Dewji alitangazwa mshindi wa zabuni ya Simba, lakini kwa sharti hilo. Yanga nayo iliibadili katiba yake mwaka 2021 kuufuata mfumo huo.

Kanuni ya 51 kwa 49 inafanana na ile ya Ujerumani inayowaachia wanachama wingi wa kura. Haifanani na kanuni za UEFA za kudhibiti matumizi, wala na zile za Ligi Kuu ya Uingereza, ambazo kwa kawaida zimekuwa zikizuia hasara ya klabu kuvuka pauni milioni 105 katika miaka mitatu. Tofauti hii ni kubwa. Kanuni ya Uingereza humkamata anayetumia kupita kipato. Ile ya Tanzania humruhusu mwenye fedha kutumia apendavyo, alimradi klabu isiandikwe kwa jina lake. Breki zilizopo kwenye matumizi ni za pembeni: idadi ya wachezaji wa kigeni, ambayo imewekewa ukomo wa 12, vigezo vya fedha katika leseni za klabu za CAF, na adhabu ya FIFA ya kufungiwa usajili kwa klabu isiyolipa madeni ya wachezaji.

Namna mtani alivyoijaza nafasi hiyo inaonekana katika misimu minane mfululizo, kuanzia 2017/18 hadi 2024/25. Simba ilitwaa ubingwa wa misimu minne ya kwanza, Yanga minne iliyofuata. Ni nadra mwanahistoria kupewa mizani iliyosawazishwa hivi. Katika nusu ya kwanza, Yanga iliyoachwa na Manji ilikuwa haina kitu. Kocha wake, Mwinyi Zahera, alihamasisha michango ya mashabiki, na neno bakuli likaingia katika utani. Shabiki wa Simba, Miono kama kwingineko, hakuhitaji kumwuliza mtani wake kuhusu matokeo. Ilitosha kumwuliza kama bakuli limeshapita nyumbani kwake. Jibu la Yanga halikuwa kejeli tupu. Waliuliza bilioni 20 ziko wapi, zimewekwa katika akaunti gani, na kama hazijawekwa, kwa nini aliyeziahidi anaamua. Swali hilo lilidumu kwa miaka. Waliolishikilia kwa nguvu zaidi walikuwa watu wasio na haki yoyote ya kikatiba ya kuliuliza. Mwanachama wa Simba aliyeliuliza aliweza kuambiwa anaivuruga timu inayoshinda, lakini hakuna awezaye kumwambia hivyo mtani.

Kisha meza ikageuka. Kampuni ya GSM ilijenga kikosi cha Yanga, na Hersi Said, aliyetoka katika kampuni hiyo, alichaguliwa kuwa rais wa klabu Julai 2022. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, ikaikosa kwa kanuni ya bao la ugenini dhidi ya USM Alger, na mnamo tarehe 5 Novemba 2023 ikaifunga Simba mabao 5-1. Sasa walioziona hesabu za wawekezaji kuwa siri ya nyumba ndio waliotaka kujua mishahara inatoka mfuko gani, kama rais anaitumikia klabu au kampuni, na Yanga itabaki na nini siku GSM ikiondoka kama alivyoondoka Manji. Maswali yalikuwa yaleyale, ila waulizaji walibadilishana viti. Walioyauliza kabla ya mwaka 2021, kwa sehemu kubwa, waliacha kuyauliza.

Mwaka 2022 pia ndio mdhamini wa pamoja alipokoma. Yanga ilibaki na SportPesa kwa mkataba uliotangazwa kuwa wa Shilingi bilioni 12.3 kwa miaka mitatu, na Simba ikaenda M-Bet kwa bilioni 26.1 kwa miaka mitano. Shabiki wa Simba alitaja jumla, wa Yanga akagawanya kwa miaka: bilioni 5.2 kwa mwaka dhidi ya 4.1, tofauti ndogo kuliko ilivyotangazwa. Katika kata yenye wakulima wanaojua kwamba bei ya kilo bila makato si bei, hesabu hiyo haikuhitaji mtaalamu.

Tukio linaloonyesha vizuri zaidi uwezo na upofu wa ukaguzi huu ni lile la nembo. Novemba 2021 GSM ilitangazwa mdhamini mwenza wa Ligi Kuu kwa Shilingi bilioni 2.1 kwa miaka miwili. Simba ilikataa kuivaa nembo ya kampuni inayomlipa mtani wake, na Februari 2022 GSM ikajitoa. Mgongano wa maslahi uliibuliwa, ukajadiliwa nchi nzima na ukamalizika bila mahakama. Hata hivyo, mwaka huohuo wa 2021 Azam Media ilipata haki za matangazo ya ligi kwa miaka 10 kwa Shilingi bilioni 225.6, ilhali Azam FC, ambayo ni ya kundi lilelile la makampuni ya Bakhresa, inacheza katika ligi hiyo. Kwa kipimo chochote cha kanuni, swali hili ni kubwa kuliko la nembo begani, lakini halikuzaa mgomo. Azam FC ilijenga uwanja wake Chamazi, ikatwaa ubingwa wa 2013/14 bila kupoteza mchezo, na ndiyo klabu pekee nje ya Simba na Yanga kufanya hivyo tangu Mtibwa Sugar ya 1999 na 2000. Inaheshimiwa, ila haina mtani, na klabu isiyo na mtani haina wa kuisema msibani.

Ni katika kibanda umiza ambapo mifumo hii miwili ya kuhoji fedha hukutana kila Jumamosi. Mchana kuna mechi ya Uingereza, na watazamaji wanajua kwamba Everton ilipokonywa pointi 10 Novemba 2023, zikapunguzwa hadi 6 kwa rufaa, na kwamba Manchester City ilifunguliwa mashtaka zaidi ya 100 mwaka huohuo. Anayeshabikia Arsenal hutaka City ishushwe daraja. Jioni inaingia Ligi Kuu ya Tanzania, na mtu huyohuyo, akiwa na jezi ya kijani au nyekundu, anakuwa wakili wa tajiri wake. Haitakuwa haki kuuita huu unafiki. Kwa Uingereza ana hukumu iliyoandikwa ya kuitegemea, lakini nyumbani hana karatasi, ana mtani tu.

Kiswahili cha mpira kinatofautisha mwanachama, mpenzi na shabiki. Asilimia 51 ni ya wa kwanza peke yake. Wengi wa wanaobishana Miono ni wa pili na wa tatu. Kadi hulipiwa, mkutano mkuu uko Dar es Salaam, na nauli ya kwenda kunyoosha mkono ni fedha ya shamba. Kanuni iliyotungwa kuwalinda wenye klabu dhidi ya tajiri iliwaweka nje wengi wa wanaoifanya klabu iwe na thamani ya kununuliwa.

Mkulima wa ufuta aliye mwanachama wa chama cha msingi cha ushirika anaujua mfano ulio karibu zaidi. Huko ana kura moja sawa na mwenye gunia 50. Siku ya mnada husomewa bei, makato na kilichobaki, na isiposomwa huuliza, kwa kuwa jina lake limo daftarini. Jioni, kijiweni, hana daftari. Anayemsomea hesabu za Yanga ni shabiki wa Simba, kwa sauti ya juu, akiongeza chumvi, na yeye hujibu kwa kumsomea za Simba.