Uwanja wa Shannon na Majirani Zake

Tangu sheria ya tarehe 7 Julai 2014 ilipoweka taratibu za maeneo maalum ya kiuchumi nchini mwetu, jina la Maluku, pembezoni mwa Kinshasa, limetajwa mara nyingi. Twaambiwa kwamba kiwanda kikijengwa ndani ya uzio, hata wanaokaa nje yake watapata kitu. Huenda ni kweli. Lakini kitu hicho hupitia wapi? Ili kujibu, vijana wapendwa, twende kwanza mbali kidogo, hadi Shannon, magharibi mwa Ireland, ambako jambo hili lilijaribiwa mapema kuliko karibu mahali pengine popote.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, ndege zilizovuka Bahari ya Atlantiki hazikuweza kubeba mafuta ya kutosha safari nzima. Zilitua Shannon. Mwaka 1947 likafunguliwa hapo duka la kuuzia wasafiri bidhaa bila ushuru, la kwanza la namna hiyo duniani. Aliyelianzisha alikuwa Brendan O'Regan, mwenyeji wa jimbo hilohilo la Clare, aliyesimamia huduma za chakula uwanjani. Kisha, mwaka 1958, ndege za jeti zikaanza kuvuka bahari bila haja ya kusimama njiani. Kijiji kilichoishi kwa kuhudumia wapitaji kikaona wapitaji wakipita juu angani.

Wakati huo Ireland ilikuwa ikimwaga watu wake: katika miaka kumi tu, kati ya 1951 na 1961, takriban watu 400,000 walihama, wengi wao vijana, kwenda kutafuta kazi Uingereza na kwingineko. O'Regan na wenzake hawakutaka Clare ipoteze hata uwanja wake. Mwaka 1959 serikali ikaunda shirika la maendeleo la Shannon, na kando ya njia za ndege likatengwa eneo la viwanda. Malighafi iliingia bila ushuru, bidhaa ikatoka, na faida ya mauzo ya nje ikasamehewa kodi.

Hapa tuseme wazi jambo ambalo wasifiaji wa maeneo haya hupenda kuliruka. Viwanda vile vilinunua kidogo sana kwa majirani. Vipuri vilitoka ng'ambo na bidhaa zikarudi ng'ambo. Fundi seremala wa Ennis au mkulima wa karibu hakupata zabuni kubwa kutoka huko. (Kasai yetu haikupata neema pia: miongoni mwa waliofika Shannon miaka ya 1960 ni De Beers, waliotengeneza huko almasi bandia za viwandani, mshindani wa zile almasi za kusagia zilizochimbwa Mbuji-Mayi.)

Kilichovuka uzio kilikuwa mshahara. Wafanyakazi walikuja kila siku kutoka Limerick, umbali wa kilomita zipatazo 24, na kutoka Ennis. Jioni walirudi na fedha, nazo zikalipa nauli, pango, mkate, viatu vya watoto. Msichana aliyeajiriwa kuunganisha vipande vya umeme hakulazimika tena kupanda meli.

Hata mshahara, hata hivyo, ungeweza kutawanyika kama maji mchangani. Shirika lile lilifanya kazi ambayo hakuna mwenye kiwanda angeifanya: lilijenga nyumba. Tangu mwanzo wa miaka ya 1960 mji mpya uliinuka mahali palipokuwa na mashamba, nao leo una wakazi takriban 10,000. Kabla ya hapo, mwaka 1951, O'Regan alikuwa ameanzisha shule ya usimamizi wa hoteli, na vijana wakapata ujuzi ambao wangeweza kuubeba popote. Mwaka 1963 ngome ya kale ya Bunratty ikaanza kuandaa karamu za jioni kwa wageni, zikiwa na waimbaji na wahudumu, ili msafiri apate sababu ya kulala katika eneo hilo. Na mwaka 1968 shirika likapewa jukumu la kukuza viwanda katika eneo zima la jirani, Limerick ikiwemo, nje kabisa ya uzio. Kwa maoni yetu, mwaka huo una uzito kuliko 1959.

Sifa zilienea. Mwaka 1980 afisa wa China, Jiang Zemin, ambaye baadaye alikuwa rais wa nchi yake, alifika Shannon kujifunza. Mwaka huohuo Shenzhen ikatangazwa eneo maalum.

Nasi pia tulijaribu. Mwaka 1981 Zaire iliunda eneo huru la Inga, kwa tumaini kwamba umeme wa bei nafuu ungevuta viwanda vikubwa, hasa cha alumini. Kiwanda hicho hakikujengwa. Hapakuwa na mshahara wa kuvuka uzio, wala mji wa kuupokea. Umeme wenyewe ulisafirishwa kwa nyaya zaidi ya kilomita 1,700 hadi Kolwezi, kwa ajili ya migodi ya shaba, na vijiji vingi vilivyo chini ya nyaya hizo viliendelea kuwasha taa za mafuta.