Karatasi ya Webuye, Msomaji wa Kitale: Usambazaji katika Historia ya Uchapishaji Huru nchini Kenya

Uhakiki wa fasihi ya Kenya aghalabu huanza na kitabu ambacho tayari kiko rafuni. Mwandishi hutajwa, na mchapishaji na mwaka wa toleo vilevile. Aliyekibeba kitabu hadi kwa msomaji hatajwi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba uhuru wa mchapishaji mdogo umetegemea zaidi njia ya kusambazia kuliko karatasi au mashine, na kwamba hali hiyo inadhihirika vyema Kitale na Bungoma.

Uchapishaji huru hapa una maana ya kazi ambayo mtu mmoja, au kikundi kidogo, huiandika, huigharimia, huichapa na kuiuza bila idhini ya shirika kubwa. Huko Marekani desturi hii ilishika mizizi miongoni mwa wapenzi wa hadithi za kisayansi kuanzia mwaka 1930, na huko London ikapata nguvu mpya mnamo 1976 kwa vijarida vya mashabiki wa muziki. Waliojichapishia huko walipelekeana nakala kwa posta au kuziuza mkono kwa mkono. Kenya nayo ina historia yake, tena yenye hatari kubwa zaidi.

Henry Muoria alianzisha gazeti la Mumenyereri mwaka 1945, na katika miaka iyo hiyo Gakaara wa Wanjau alianza kujichapishia vitabu kwa lugha ya Kikuyu. Baadhi ya matbaa za Nairobi zilizokubali kazi za Waafrika zilimilikiwa na Wahindi, mathalani ile ya G. L. Vidyarthi, ambaye mwenyewe alifungwa na serikali ya kikoloni kwa kosa la uchochezi. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwezi wa Oktoba 1952, magazeti hayo yalipigwa marufuku. Muoria, aliyekuwa amekwenda London, hakurejea kuishi Kenya. Gakaara aliwekwa kizuizini kwa miaka mingi. Alipoachiliwa aliendelea kuchapisha katika mji wa Karatina, na mwaka 1984 shajara yake ya kizuizini ikapata Tuzo ya Noma.

Karatina ni mji wa soko uliopitiwa na reli. Kitale pia ni mji wa soko, na ndiko inakoishia tawi la reli linalotoka upande wa Eldoret. Tofauti yao kuu ni ya lugha. Gakaara alikuwa na wasomaji wa lugha moja waliomzunguka, na kijitabu kilichouzwa sokoni kiliweza kusomwa na jirani yeyote aliyejua kusoma. Kitale ulikuwa mji wa walowezi. Baada ya uhuru, mashamba ya Trans-Nzoia yalikaliwa na watu wa jamii nyingi: Wabukusu, Wasabaoti, Wapokoti, Wakikuyu na wengineo. Lugha iliyoweza kubeba kijitabu kutoka kibanda kimoja hadi kingine hapo ni Kiswahili.

Hata hivyo, kuanzia mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipolifanya somo la Kiswahili kuwa la lazima na la kutahiniwa, uchapishaji wa Kiswahili ulizidi kufungamana na shule. Mfano bora ni Ken Walibora, mzaliwa wa Bungoma aliyelelewa Trans-Nzoia. Riwaya yake ya Siku Njema inamsafirisha mhusika mkuu kutoka Tanga hadi Kitale. Lakini kitabu chenyewe kilitolewa na Longhorn jijini Nairobi mwaka 1996, kikaenea nchini kote kwa kuwa kitabu teule cha shule. Hili si kosa la mwandishi wala la mchapishaji. Ni ithibati kwamba barabara pana ya kumfikia msomaji ilikuwa ni mtaala, na asiyetahiniwa alipaswa kujitafutia kichochoro.

Mtu angedhani kwamba kikwazo kilikuwa karatasi. Lakini kiwanda cha Pan African Paper Mills kilianza uzalishaji mwaka 1974 huko Webuye, ndani ya Bungoma yenyewe. Magogo yaligeuzwa karatasi huko, na karatasi ikasafirishwa kwingine kugeuzwa vitabu. Kiwanda kilipofungwa mwaka 2009, eneo lilipoteza ajira nyingi. Halikupoteza tasnia ya vitabu, kwa kuwa haikuwa imejengwa hapo. Ukaribu wa malighafi haukuzaa mchapishaji.

David Maillu alijaribu kichochoro hicho mapema miaka ya 1970. Kupitia kampuni yake ya Comb Books alitoa vitabu vyembamba, vya bei nafuu, vilivyowalenga wafanyakazi wa mjini, na vikapendwa sana. Tanzania ilivipiga marufuku mwaka 1976, na kabla ya muongo huo kwisha kampuni ilikuwa imeanguka. Wahakiki wengi walijadili maadili ya After 4.30, wachache walijiuliza ni kwa njia gani kilimfikia msomaji.

Dola, kinyume cha wahakiki, ilimtambua msambazaji siku zote. Baada ya kijarida cha siri cha Pambana kutokea mwaka 1982, na hasa katika msako wa Mwakenya wa mwaka 1986, watu walifungwa kwa kupatikana tu na maandishi yaliyoitwa ya uchochezi. Sheria hiyo ya uchochezi ilifutwa mwaka 1997. Miaka mitano baadaye, mwaka 2002, dhamana ya mchapishaji ilipandishwa kutoka shilingi 10,000 hadi shilingi milioni moja, na mchuuzi wa gazeti lisilo na dhamana akawekewa adhabu. Aliyeitunga sheria hiyo alijua mnyororo unakatikia wapi.

Inafuata, basi, kwamba historia ya fasihi andishi katika miji kama Kitale na Bungoma haiwezi kuandikwa kwa orodha za maktaba pekee. Mtafiti hana budi kuuliza kwenye vituo vya mabasi, kwenye maduka ya vifaa vya shule na kwa wachuuzi wa magazeti: nani alileta nini, kwa lugha gani, na kwa hatari ipi. Wazee wenye kumbukumbu hizo hawatangoja mpaka uhakiki uwe tayari kuwasikiliza.