Milango Ililindwa, Vigango Vikauzwa

Ukishika Ndia Kuu kutoka Fort Jesus, kinachokuvuta macho kwanza ni milango. Miimo imechongwa maua, minyororo na mawimbi, na juu ya kizingiti pengine pana maandishi ya Kiarabu. Uso wa mtu huuoni. Fundi wa Mji wa Kale, kwa dini yake, alijua mpaka: mti hupambwa, haupewi sura ya binadamu.

Ng'ambo ya maji, kwenye vilima vya nyuma ya Mombasa na Kilifi, mafundi wa Kimijikenda waliuvuka mpaka huo bila wasiwasi. Wagiriama hasa, pamoja na baadhi ya majirani zao, walichonga kigango: mti unaosimama badala ya mzee aliyekufa. Ni ubao mmoja wa mti mgumu, mwembamba, ambao mara nyingine humpita mtu kwa urefu. Kichwa huwa duara bapa tu, au sura yenye macho, pua na mdomo. Mikono haipo, miguu haipo. Kiwiliwili kizima kimejaa pembetatu ndogo zilizokatwa kwa ncha ya kisu, safu chini ya safu, zikatiwa nyeupe, nyekundu na nyeusi. Chini kabisa huachwa mti mtupu, kwa sababu sehemu hiyo inaingia ardhini. Ukiziangalia pembetatu zile kwa karibu, utakiri kwamba fundi wa kigango na fundi wa mlango wangeelewana vizuri sana kuhusu kisu, hata kama wasingeelewana kuhusu akhera.

Si kila marehemu alichongewa. Kigango kilikuwa cha mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima na mali, ambacho mtu hakuingia bila kutoa ada na kulisha watu karamu. Wengine waliwekewa koma, kijiti kifupi kisicho na mbwembwe. Wala hakikuchongwa mara tu baada ya mazishi. Mara nyingi marehemu alianza kuja ndotoni, akilalamika kwamba amesahauliwa. Mtoto anaugua, shamba halizai, mganga anapiga ramli, jibu linakuja: baba yenu anataka kigango. Basi kikachongwa, kikasimikwa, kikafungwa vitambaa, na mnazi ukamwagwa chini. Anayeombwa mvua ni Mulungu. Mzee kwenye kigango huambiwa habari za nyumbani na kuombwa asiwachoke watu wake. Kukiita sanamu ya kuabudiwa, kama walivyofanya watu wengi wa dini zilizokuja, ni kukosa kusikiliza.

Wenye kufanana nao wapo mbali. Wabeembe wa Kongo-Brazzaville nao waliwachonga mababu zao, lakini vijisanamu vyao ni vidogo, mtu hukishika mkononi akakihamisha. Kigango ni kinyume chake. Kikishasimikwa, mila inakataza kukisogeza. Familia ikihama kutafuta ardhi nyingine, kinabaki pale pale, kinyeshewe, kiliwe na mchwa, kirudi udongoni kwa wakati wake.

Hapo ndipo wafanyabiashara walipopata upenyo. Utalii wa pwani ulipopanda katika miaka ya 1970 na 1980, wanunuzi wa sanaa walikuja Mombasa wakitafuta kitu kisichofanana na twiga wa kuchongwa kwa dazeni. Vijana wasio na kazi waling'oa vigango usiku, maduka ya vinyago mjini yakavipokea, na bandari na uwanja wa ndege vikafanya kazi yake ya kila siku. Mnunuzi akiuliza, aliambiwa ni vitu vilivyotelekezwa. Kwa hoja hiyo, kaburi la babu yako nalo limetelekezwa siku ulipohamia Likoni.

Sheria nayo haikusaidia sana. Sheria ya mambo ya kale ya 1983 ilihesabu kuwa ya kale vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1895. Mti uliosimama kwenye mvua na mchwa haudumu karne nyingi, na vigango vingi vilivyouzwa vilikuwa vya karne ya 20. Lakini sheria hiyo hiyo ilitaja kwa jina kitu kimoja cha kulindwa: mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kabla ya 1946. Sina ugomvi na milango. Ila aliyeandika kifungu hicho alikuwa akiwaza nyumba za Mji wa Kale na Lamu, na mti wa Mgiriama haukumpitia akilini.

Huko Marekani vigango vikawa pambo la sebule. Wachezaji wa filamu walivinunua, kisha wengine wakavitoa zawadi kwa makumbusho. Vile 30 vya makumbusho ya Denver vilitolewa mwaka 1990 na watu wawili wa Hollywood, mmoja wao mwigizaji Gene Hackman. Wanaanthropolojia Monica Udvardy na Linda Giles walipovitafuta, walihesabu 294 katika makumbusho 19 ya Marekani. Mwaka 2003 wakaichapisha habari hiyo pamoja na John Mitsanze wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Kilichowaamsha ni picha. Mwaka 1985 Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru, Mgiriama, akiwa pamoja na vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake marehemu. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wataalamu wa mambo ya Afrika mjini Philadelphia, Giles alikuwa akionyesha slaidi za mkusanyiko wa chuo kimoja cha Illinois. Udvardy akakitambua kimoja. Cha pili kikaonekana Hampton University, Virginia, chuo kilichoanzishwa kuwasomesha watu weusi waliotoka utumwani, na ambacho kilikuwa na vigango vingi kuliko makumbusho yoyote ya Marekani.

Kati ya 2006 na 2007 vyote viwili vilirejea Kenya na kukabidhiwa familia. Mzee Kalume hakuviona. Alikufa 1987, akiwa ameshawaambia watu wake kwamba vimeibwa, na hakuna aliyekuwa na la kumjibu.

Baada ya hapo milango mingine ilifunguka. Vile vya Denver vilifika 2019, na mwaka 2023 makumbusho ya jimbo la Illinois yakarudisha 37. Ni jambo jema, lakini kazi haijaisha. Mwizi hakuandika jina la boma, mwenye duka hakuuliza, mnunuzi alitaka risiti tu. Denver walipochunguza vyao, hawakupata familia ya kuirudishia hata kimoja. Kigango kama hicho kina sura ya baba wa mtu, na wanawe huenda wako hai Ganze au Kaloleni, lakini hakuna awezaye kuonyesha shimo kilimong'olewa. Kukisimika kwenye ua wa mtu mwingine ni kumletea mgeni asiyemjua, mwenye madai yake mwenyewe. Kwa hiyo vinakaa mikononi mwa Makumbusho ya Taifa, vikiwa na namba za usajili walizovipa Wamarekani.