Darasa la Abuja: Nani Aliyemfundisha Magdalene Odundo?

Wanaomwandika mfinyanzi Magdalene Odundo hupita njia mbili za mkato. Wapo wasemao Uingereza ndiyo iliyomfanya msanii, na wapo wanaoiona mitungi yake kuwa urithi wa damu, kana kwamba binti wa Kiafrika huzaliwa na udongo mkononi. Zote mbili zinamnyima sifa anayoistahili kuliko nyingine, nayo ni kwamba alisoma.

Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, na sehemu ya utoto wake akaishi Delhi. Alipofika Cambridge mwaka 1971, alitoka kwenye kazi ya michoro ya matangazo. Ufinyanzi alikutana nao ugenini. Mwaka 1973 aliingia chuo cha sanaa cha Farnham, na akiwa bado mwanafunzi alifunga safari iliyogeuza kazi yake: kati ya 1974 na 1975 alikuwa Nigeria, katika Kituo cha Mafunzo ya Ufinyanzi cha Abuja, mji wa zamani uitwao leo Suleja.

Kituo hicho kiliasisiwa na Mwingereza Michael Cardew wakati wa ukoloni, ili Wanigeria wafundishwe kufinyanga kwa gurudumu. Lakini Odundo alijifunza kwa wafinyanzi wanawake wa Kigwari, akiwamo Ladi Kwali, waliokuwa na elimu yao kabla gurudumu halijafika. Mfinyanzi wa Kigwari hakizungushi chungu. Yeye ndiye anayekizunguka, akienda kinyumenyume, akiuvuta udongo juu na kuongeza pindi juu ya pindi mpaka shingo ikae. Hapo mwili mzima ndio kipimo cha mviringo. Itazame mitungi ya Odundo, tumbo limejaa, shingo imeinama kama ya mtu anayesikiliza: hiyo ni mizani ya aliyeizunguka kazi yake kwa miguu.

Ndiyo maana nashikilia kwamba Ladi Kwali atajwe kuwa mwalimu wake kwa uzito uleule wa Royal College of Art ya London, alikosoma Odundo kuanzia 1979 hadi 1982. Tukiita Farnham na London "masomo" na Abuja "ziara", tumeshaamua nani mwalimu na nani mwenyeji tu. Nigeria yenyewe imemchora Ladi Kwali kwenye noti ya naira 20.

Wala hoja hii haimrudishi Odundo kwenye "jadi yake". Wagwari si watu wa kwao, na huko New Mexico pia alikwenda kujifunza kwa wafinyanzi wa Kipueblo. Odundo huisugua mitungi yake hadi ing'ae, akaipaka uji laini wa udongo. Ikichomwa kwa hewa tele hutoka myekundu. Ikichomwa tena hewa ikiwa imebanwa, hutoka myeusi. British Museum inao mtungi wake. Kibao kitakachouelezea kwa kutaja Kenya na Uingereza tu kitakuwa kimeiacha nje Abuja, na wanawake waliomwonyesha jinsi ya kukizunguka chungu.