Komeo, kufuli na namba: milango ya Mombasa bara

Nyumba ya nyanya yangu kule Kisauni ilikuwa ya Kiswahili hasa: kuta za fito na udongo, paa la makuti, ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Mlango mkubwa ulifungwa kwa komeo la mbao, kwa ndani. Komeo halina ufunguo. Lataka mtu nyumbani, na nyumba ile haikukosa mtu. Kama si nyanya, ni mke wa mjomba.

Kufuli ilishika chumba kwa chumba nyumba hizo zilipogeuka za kupangisha. Reli, iliyoanza kujengwa 1896, na bandari ya Kilindini ziliita vibarua kutoka mbali, na shida ya mshahara na makazi ikawa miongoni mwa yaliyozaa mgomo mkuu wa Januari 1947. Changamwe nako kiwanda cha kusafisha mafuta kikaanza kazi 1963. Mtu wa zamu ya usiku, jamaa zake wote wako Kitui au Kisumu, nani atamtilia komeo? Akagongomea tumbuu mlangoni, akanunua kufuli.

Wenye nyumba nao wakajifunza. Kodi ikichelewa, kufuli ya pili hutiwa juu ya ile ya mpangaji. Nimemwona mama Likoni amekaa barazani na wanawe, vyombo vyote vimo ndani. Kufungiwa hivyo bila amri ya mahakama ni kinyume cha sheria, na mpaka leo hufanywa.

Kufuli za namba zimeletwa na wageni, kwenye fleti za Nyali na Shanzu zinazokodishwa kwa siku. Mwenyewe yuko Nairobi au Dubai. Mgeni hutumiwa tarakimu kwa simu, akiondoka zinabadilishwa. Watu huulizia umeme, hasa tangu ule usiku wa 25 Agosti 2023 ulipokatika karibu nchi nzima, lakini nyingi ya kufuli hizi hutumia betri. Mimi naulizia namba kuu, ile ya kubadilishia nyingine zote. Ikiwa mkononi mwa mwenye nyumba, atamfungia mpangaji nje, yeye mwenyewe akiwa kitandani kwake, bila hata kununua kufuli ya pili.

Kwa hivyo anayepanga chumba namshauri anunue kufuli yake mwenyewe, ya shaba, maana ya chuma huliwa na chumvi ya bahari, na ufunguo wa akiba amwachie jirani anayemwamini.